Njia nne za kupanga fuwele za nano zitoe nuru: ipi ikufae ukiwa Arusha au Moshi?

Kila mwaka wanafunzi wa shahada ya pili wanapoanza kuandika mapendekezo ya utafiti, swali hurudi lile lile: fuwele zangu za nano nimezipata, ndani ya chupa zinang'aa vizuri, sasa nizipange kwa njia gani? Wengi hufungua makala ya kwanza wanayokutana nayo, wakavutiwa na picha ya hadubini ya elektroni, kisha wakaiga njia iliyotumika Zürich au Philadelphia bila kujiuliza kama maabara ya hapa ina baridi, utulivu na vipimo vilivyoifanya njia hiyo ifae huko. Nimewaandikia hao, pamoja na walimu wa sayansi wanaotaka kulionyesha jambo hili darasani bila kumaliza fedha za muhula mzima.

Tuanzie pamoja. Fuwele ya nano ya semikondakta ina upana wa nanomita chache tu (nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita), na upana huo ndio unaoamua rangi ya nuru yake. Kadimiamu selenaidi ya nanomita 2 hivi huwaka bluu. Ikifika nanomita 6 huwaka nyekundu, ingawa kemikali ni ile ile. Alexei Ekimov aliliona jambo hili kwenye kioo cha rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akaliona kwenye chembe zinazoelea ndani ya kimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi na wenzake wakapata namna ya kutengeneza fuwele zenye ukubwa unaolingana. Watatu hao walipewa Nobel ya kemia mwaka 2023. Mwaka 1995 Bawendi, Christopher Murray na Cherie Kagan walikuwa wameshaonyesha kwamba fuwele hizo zikiachwa zikauke polepole hujipanga zenyewe, tabaka juu ya tabaka, kama mafungu ya machungwa ya soko la Kilombero, ila hapa hakuna mama anayepanga.

Mpangilio huo haubaki kuwa pambo tu. Fuwele zikikaribiana, ile ndogo yenye nishati kubwa humkabidhi jirani yake mkubwa nishati hiyo kabla haijaitoa kama nuru. Ndiyo maana kimiminika kilichokuwa cha kijani ndani ya chupa huonekana kimesogea kidogo kuelekea njano kikishakauka. Tochi ya kukagulia noti bandia inatosha kukuonyesha tofauti hiyo: mulika chupa, kisha mulika slaidi, ukiwa umezima taa ya chumba.

Vigezo vya kulinganishia

Nitazipima njia zote nne kwa mambo yale yale. La kwanza ni nuru: mpangilio huo unakupa nuru ya namna gani ambayo chupa peke yake isingekupa? La pili ni vifaa, na ndani yake naweka vipimo, kwa sababu mpangilio ambao huwezi kuuona hautakusaidia siku ya kutetea tasnifu. La tatu ni mahali: mwinuko, unyevu, vumbi, umeme. La nne ni yanayoharibika. Mwisho wa kila njia nitasema inamfaa nani.

Lipo sharti moja linalozihusu zote. Fuwele zako zisipolingana ukubwa, hakuna njia itakayozipanga. Tofauti ikizidi asilimia 10 utapata rundo tu. Ikiwa chini ya asilimia 5 kazi inakuwa rahisi. Halafu kuna kusafisha. Fuwele hizi huvaa ligandi, yaani minyororo mirefu kama ile ya asidi oleiki, ambayo huzuia zisigandamane. Ukisafisha kidogo, asidi ya ziada inabaki na slaidi yako inakuwa na mafuta mafuta. Ukisafisha mno, ligandi zinavuliwa na fuwele zinashikana mabonge. Kazi nyingi ninazoona zimekwama, zimekwamia hapa na siyo kwenye njia ya kupanga.

Jambo jingine husemwa mara chache. Kama lengo lako ni kutengeneza LED tu, huenda huhitaji kupanga chochote. Tabaka lililomwagwa juu ya kioo na kuzungushwa kwa kasi, likiwa shaghalabaghala, hufanya kazi vizuri ndani ya LED. Mpangilio ni wa yule anayetaka nuru inayotegemea ujirani wa fuwele, au nuru inayozunguka ndani ya umbo fulani. Jiulize hilo kwanza kabla hujaagiza hata gramu moja ya kemikali.

Njia ya 1: Kukausha taratibu

Unaweka tone la fuwele zilizo ndani ya kiyeyushi juu ya kipande cha silikoni au slaidi, unalifunika, na kuliacha likauke kwa saa nyingi, pengine siku nzima au zaidi. Kadiri kiyeyushi kinavyopungua, fuwele zinabanana na kutafuta nafasi, hadi zinakaa kwenye mpangilio unaoziachia uhuru mkubwa zaidi wa kutikisika. Ukitumia vipande mchemraba vya perovskaiti (aina moja ya semikondakta) ya cesiamu, ledi, yaani risasi, na bromini, vyenye upana wa karibu nanomita 9 au 10, utapata fuwele kubwa zilizojengwa kwa fuwele ndogo, zenye umbo la mraba na upana wa mikromita kadhaa.

*Nuru.* Hapa ndipo ilipotoka habari kubwa ya mwaka 2018. Watafiti wa kampuni ya IBM na wa chuo kikuu cha ETH kule Zürich walipoza miraba ya namna hii hadi kelvini 6, yaani nyuzi 267 chini ya sifuri ya Selsiasi, wakaona fuwele nyingi zikikubaliana na kutoa nuru kwa mkupuo mmoja, kwa mwako mfupi na mkali kuliko zingeutoa kila moja kwa wakati wake. Hiyo inaitwa superfloresensi. Inavutia, nakiri, na kila mwaka yuko anayetaka kuirudia. Lakini kelvini 6 inataka heliamu au mtambo wa kupozea unaofika huko. Naitrojeni kimiminika si kitu kigeni mkoani hapa, kwani Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kule Usa River kinaitumia kuhifadhi mbegu za madume wa ng'ombe, ila naitrojeni inakufikisha kelvini 77 tu. Kwenye 77 bado kuna kazi nzuri ya kufanya: mstari wa nuru unakuwa mwembamba, na rangi ya perovskaiti hii husogea upande wa nyekundu inapopozwa, kinyume cha semikondakta nyingi. Hiyo ni tasnifu halali. Usiiite superfloresensi tu.

*Vifaa.* Sahani ya petri yenye kifuniko, pipeti, silikoni au slaidi, na kabati la kufyonza mvuke. Kwa kipimo, hadubini ya kawaida ya mwanga inatosha kuanzia, kwa sababu miraba ya mikromita 5 huonekana kwa lenzi ya kukuza mara 40 kama vijichumba vya kijani vyenye kona kali. Kama hadubini ya elektroni iko mbali na wewe, hii ni faida kubwa.

*Mahali.* Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi 95. Tolueni, ambayo vitabu vinasema huchemka nyuzi 110.6, hapa huchemka karibu 105. Maana yake ni kwamba tone lako litakauka mapema kuliko muda ulioandikwa na watu walio karibu na usawa wa bahari, na likikauka haraka mpangilio unaharibika. Bana kifuniko zaidi, au weka kikombe kidogo cha tolueni tupu ndani ya sahani ili mvuke ujae. Moshi, iliyo chini kidogo, tofauti ya mwinuko ni ndogo lakini joto la mchana ni kubwa zaidi, kwa hiyo onyo ni lile lile. Miezi ya Juni na Julai ina kisa chake: mchana joto kiasi, usiku baridi, na mvuke wa tolueni hugandia kwenye kifuniko kisha hutonea juu ya sampuli. Weka sahani ndani ya boksi la thamosi, lile la kubebea samaki, ili joto lisibadilike haraka. Wakati wa masika perovskaiti inaumia kwa unyevu, hivyo desiketa, yaani chombo cha kutunzia vitu vikavu, yenye jeli ya silika si anasa.

*Yanayoharibika.* Pete. Tone likikauka bila kufunikwa, fuwele hukimbilia ukingoni na kuacha duara lenye katikati tupu. Ukimulika kwa tochi ya UV, utaona ukingo unawaka na kitovu ni giza. Kasoro nyingine ni nyufa, na unene usio sawa kutoka upande mmoja wa slaidi hadi mwingine, jambo linalofanya vipimo vya ung'avu visilinganishike.

*Inamfaa nani?* Anayeanza, anayetumia perovskaiti, na mwenye hadubini ya mwanga pekee. Asiye na subira ya siku mbili tatu kati ya jaribio na jaribio ataichukia.

Njia ya 2: Kutandaza juu ya kimiminika

Badala ya slaidi, tone la fuwele katika heksani linatandazwa juu ya kimiminika kingine kizito kisichochanganyika nalo, mara nyingi diethilini glaikoli, ndani ya kikombe kidogo cha Teflon. Unafunika kwa kioo. Ndani ya robo saa au pungufu heksani imekwisha, na utando mwembamba umebaki unaelea. Kundi la Murray, ambaye wakati huo alikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, lilichapisha njia hii mwaka 2010 likitumia fuwele za aina mbili kwa pamoja, na utando uliotoka ulikuwa na mpangilio mmoja kwa eneo kubwa.

*Nuru.* Utando ni mwembamba, kwa hiyo nuru yake ni hafifu. Tabaka moja la fuwele hufyonza sehemu ndogo tu ya mwanga unaoupiga. Lakini nuru hiyo ni sawasawa kila mahali, na hapo ndipo thamani yake ilipo. Ukitaka kujua ni kiasi gani fuwele ndogo zinakabidhi nishati kwa kubwa, changanya saizi mbili kwa uwiano unaoujua, tandaza, pima. Kwenye tone lililokauka huwezi kuwa na uhakika kama uwiano umebaki ule ule katikati na ukingoni. Kwenye utando unaweza.

*Vifaa.* Kikombe cha Teflon, glaikoli safi, pipeti ya mikrolita, na kitu cha kuchotea: wavu mdogo wa shaba au kipande cha kioo. Havina gharama ya kutisha. Gharama iko kwenye kipimo. Bila hadubini ya elektroni hutaona mpangilio wa tabaka moja, na spektrometa, yaani kifaa cha kupima rangi zilizomo kwenye mwanga, inapaswa kuwa nyepesi kuhisi mwanga kidogo. Panga mapema sampuli zitapigwa picha wapi, na kama zitasafiri kwenda Dar es Salaam au nje ya nchi, jua kwamba utando juu ya wavu huvumilia safari kuliko unavyodhani, mradi haujapata unyevu.

*Mahali.* Adui wa njia hii ni mtikisiko. Jenereta likinguruma nyuma ya ukuta, au lori likipita barabara ya vumbi mbele ya jengo, uso wa glaikoli unacheza na utando unakatika vipande. Wanaofanya kazi alfajiri au Jumapili hupata utando bora, na si kwa sababu ya baraka. Glaikoli nayo hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo chupa iliyoachwa wazi wakati wa mvua itakupa matokeo tofauti na ile ya Februari. Vumbi la kiangazi likidondoka juu ya utando huacha tundu. Funika kikombe kabla hujaweka tone, usifunike baadaye.

*Yanayoharibika.* Kuchota. Utando unaweza kuwa mzuri kabisa unapoelea, unang'aa rangi za upinde ukiutazama kwa mshazari, kisha ukajikunja kwenye kona ya slaidi unapouinua. Ingiza slaidi chini ya utando kwa pembe ndogo na uinue polepole kuliko unavyoona inatosha. Mabaki ya glaikoli yakaushwe kwenye desiketa yenye pampu ya kuondoa hewa, la sivyo yatafunika kila kitu. Na perovskaiti haipatani na glaikoli; kwa hiyo njia hii, ikifuatwa kama ilivyo, ni ya kadimiamu selenaidi, indiamu fosfaidi na jamaa zao.

*Inamfaa nani?* Mwenye swali kuhusu fuwele mbili tofauti kuishi pamoja, na mwenye uhakika wa hadubini ya elektroni. Kwa anayetaka matokeo mengi kwa siku moja pia ni nzuri, maana mzunguko mmoja ni mfupi.

Njia ya 3: Matone ya emulsheni

Hii ndiyo ninayoipenda, na nitajitahidi isinipofushe. Fuwele zinayeyushwa katika sikloheksani, kisha kimiminika hicho kinapigwa ndani ya maji yenye sabuni hadi kiwe matone madogo madogo. Unapasha joto taratibu. Sikloheksani inatoka ndani ya kila tone, tone linasinyaa, na fuwele zilizofungiwa humo hazina pa kwenda isipokuwa kujipanga ndani ya mpira. Unabaki na mipira midogo, kuanzia sehemu ya mikromita hadi mikromita kadhaa, kila mmoja ukiwa umebeba maelfu hadi mamilioni ya fuwele. Kundi la Utrecht, Uholanzi, lilionyesha mwaka 2015 kwamba matone yakikauka polepole mpangilio wa ndani unaweza kuwa na ulinganifu wa umbo la nyuso 20, jambo ambalo fuwele ya kawaida haiwezi kuwa nalo.

*Nuru.* Mpira hupinda mwanga zaidi kuliko maji au hewa inayouzunguka, hivyo nuru inayozaliwa ndani hugonga ukuta wa mpira, hurudishwa, na kuzunguka kwenye ukingo mara nyingi. Ni zile urefu wa mawimbi tu zinazofunga duara kamili zinazoimarika. Kwenye spektrometa badala ya mlima mmoja laini utaona mlima wenye meno. Kwa mpira wa mikromita 5 unaotoa nuru nyekundu, meno hayo huachana kwa nanomita 13 hadi 15 hivi, na spektrometa ya kawaida ya mezani yenye uwezo wa kutenganisha nanomita 2 huyaona bila shida. Mpira ukiwa wa mikromita 2, meno huachana zaidi ya nanomita 30. Maana yake unaweza kupima upana wa mpira kwa kutumia nuru yake peke yake, bila hadubini ya elektroni. Sijui njia nyingine kati ya hizi nne inayokupa kipimo cha uhakika kwa vifaa vichache hivyo.

Mwaka 2018 mipira ya namna hii ilionyeshwa ikitoa leza. Usiruke huko mapema. Leza inahitaji kupampu fuwele kwa midundo mifupi sana ya mwanga, kwa sababu fuwele ikibeba vifungu viwili vya nishati kwa pamoja, hupoteza kimoja kama joto ndani ya muda mfupi mno. Kalamu ya leza ya mihadhara haitafanya hivyo hata ukiikazia kutwa.

*Vifaa.* Kikoroga sumaku chenye joto, sabuni ya maabara (sodiamu dodesili salfeti ndiyo ya kawaida), kipimajoto, na chombo cha kutenganisha mipira kwa kuzungusha. Kwa vipimo, hadubini ya mwanga iliyounganishwa na spektrometa kwa waya wa nyuzi za kioo. Kuunganisha huko ndiko kunakotaka fundi mwenye mikono mitulivu, maana lazima upime mpira mmoja mmoja. Ukipima rundo, meno ya mipira ya ukubwa tofauti yanazibana na mlima unarudi kuwa laini.

*Mahali.* Sikloheksani huchemka nyuzi 80.7 kwenye usawa wa bahari. Arusha ni karibu 75. Maelekezo mengi husema pasha karibu 70. Hapa nyuzi 70 iko karibu mno na kuchemka, na ukiongeza kikoroga kisichosoma joto vizuri, matone yanatoa mapovu na mipira inatoka imepasuka. Teremka hadi 63 au 65 na uongeze muda. Umeme ukikatika katikati ya kukausha, hasara si kubwa sana kama umeendelea kukoroga kwa mkono hadi urudi. Matone yanachohofia ni kutulia na kuungana, kupoa kunayadhuru kidogo tu.

*Yanayoharibika.* Ukubwa usiolingana. Ukipiga kwa mkono utapata mipira ya kila saizi, jambo ambalo kwa darasa ni zuri na kwa takwimu ni balaa. Sabuni ikizidi inabaki juu ya mipira. Perovskaiti ndani ya maji inakufa; waliofanikiwa nayo walitumia mafuta yenye florini mahali pa maji, na hayo si rahisi kuyapata hapa.

*Inamfaa nani?* Anayependa macho ya mwanga kuliko macho ya elektroni, mhandisi anayefikiria vihisi au leza ndogo, na maabara yenye spektrometa lakini isiyo na hadubini kubwa. Mwenye fuwele chache awe mwangalifu: njia hii inakula sampuli.

Njia ya 4: Kuongeza kimiminika ambacho fuwele hazikipendi

Kwenye bomba jembamba la kioo, weka fuwele katika tolueni chini, juu yake isopropanoli kama kizuizi, juu kabisa methanoli. Usitikise. Methanoli hushuka polepole, fuwele zinaanza kukosa raha, na badala ya kudondoka kama mashapo zinajenga fuwele kubwa ukutani mwa bomba. Dmitri Talapin na wenzake wa Hamburg walieleza njia hii mwaka 2001 kwa kadimiamu selenaidi.

*Nuru.* Kwa upande wa nuru ndiyo dhaifu kuliko zote nne. Fuwele zinazotoka ni kubwa na nene, hivyo nuru inayozaliwa ndani hufyonzwa tena kabla haijatoka, na rangi inasogea kuelekea nyekundu. Kwa macho, hata hivyo, ndizo nzuri kuliko zote: zina pande na kona kama chumvi ya mawe. *Vifaa:* bomba, rafu, kifuniko kinachobana. Hakuna umeme hata kidogo. *Mahali:* panataka kona yenye kiza na joto lisiloyumba. Chumba cha chini cha jengo la mawe ni bora kuliko maabara yenye madirisha ya jua. *Yanayoharibika:* mfagizi akisogeza rafu, wiki kadhaa zimekwenda. Methanoli ni sumu na inashika moto, kwa hiyo si ya kuachwa wanafunzi wa sekondari waishike. *Inamfaa nani?* Mwenye muda mwingi na fedha kidogo, na anayetaka fuwele kubwa za kuchunguza muundo kwa eksirei. Anayetafuta nuru aangalie kwingine.

Kuhusu fuwele zenyewe

Uchaguzi wa njia unafungana na uchaguzi wa fuwele, kwa hiyo kwa ufupi. Kadimiamu selenaidi yenye ganda nene la kadimiamu salfaidi huvumilia karibu njia zote, na ganda hilo hupunguza tabia ya kukabidhi nishati kwa jirani, hivyo nuru haififii sana baada ya kupangwa. Tatizo ni kadimiamu. Sheria za Umoja wa Ulaya kuhusu vifaa vya umeme zinaruhusu kiasi kisichozidi asilimia 0.01 tu, na kwa hiyo kama unawaza bidhaa ya kuuza nje, fikiria indiamu fosfaidi, ambayo rangi yake si nyembamba kama hiyo lakini haina kadimiamu wala ledi. Perovskaiti ndiyo rahisi kuliko zote kutengeneza. Zipo njia za kuipata hata kwenye joto la chumba, na kijani chake cha nanomita 515 hivi ni chembamba na kikali. Ina ledi, na haipendi maji.

Uingizaji wa kemikali hizi uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kwa sheria ya kemikali ya mwaka 2003, kwa hiyo anza taratibu za kibali mapema kuliko unavyoanza kuandika sura ya kwanza. Na taka za kadimiamu au ledi hazimwagwi kwenye sinki, hata zikiwa matone ya kusuuzia pipeti. Kinachoingia kwenye mifereji ya Arusha kina njia ya kufika Themi, na chini ya Themi watu wanamwagilia mboga.

Ukiwa katika hali hii, anzia hapa

Wewe ni mwanafunzi wa shahada ya pili pale Tengeru au chuo kingine, una miezi michache, na hadubini ya elektroni ni ya kuombea foleni: anza na njia ya 1 kwa perovskaiti wakati wa kiangazi, uwe na picha za hadubini ya mwanga ndani ya wiki za mwanzo, kisha amua kama utaongeza naitrojeni kimiminika.

Una spektrometa nzuri na mwenzako mmoja anayejua kufunga vifaa vya mwanga: njia ya 3, kwa kadimiamu selenaidi yenye ganda. Tenga muda mwingi zaidi kwa kuunganisha hadubini kuliko kwa kemia.

Swali lako ni jinsi nishati inavyohama kutoka fuwele moja kwenda nyingine: njia ya 2, na usiianze kabla hujapata ahadi ya maandishi ya muda wa hadubini ya elektroni. Njia ya 1 itakupa jibu la haraka lakini mtahini mwenye jicho atakuuliza kuhusu unene, na hutakuwa na la kumjibu.

Unaomba fedha kwa ajili ya superfloresensi: andika ushirikiano na maabara yenye mtambo wa heliamu, tengeneza sampuli hapa kwa njia ya 1, zifunge kwenye chombo kisichopitisha unyevu, zipimwe huko. Usiombe mtambo wa kelvini 6 katika ombi la kwanza.

Unafundisha fizikia au kemia Moshi, kidato cha sita au chuo cha ualimu, na unataka wanafunzi waone kwa macho yao: nunua chupa ndogo iliyokwisha kutengenezwa ya indiamu fosfaidi, ukaushe matone mawili juu ya slaidi, moja likiwa wazi na jingine chini ya kifuniko, ukiwa umevaa glavu na dirisha limefunguliwa. Siku ya pili wape tochi ya noti, waambie watafute pete, na waulize kwa nini tone moja linayo na jingine halina.

Uko na bomba, rafu na muhula mzima, na huna umeme wa kutegemea: njia ya 4, bandika karatasi yenye tarehe na jina lako kwenye rafu, na umwombe anayefagia apite mbali nayo.